Kuhama GIMP 2.10 kwenda 3.0 bila kupoteza brashi zako

Pole ndugu yangu wa Ngamiani uliyeuliza kuhusu GIMP, programu ya kuhariri picha, ila hofu ya kwamba toleo la 3.0 litafuta brashi na fonti za kadi za harusi ipunguze. 3.0 haiandiki juu ya mipangilio ya 2.10. Inatengeneza folda yake pembeni, na ikifunguliwa mara ya kwanza inachukua mipangilio ya zamani yenyewe.

Nakala weka hata hivyo, umeme wa Tanga unaujua. Funga GIMP, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\GIMP kisha Enta. Utaiona folda ya 2.10. Nakili yote kwenye flashi, usiikate! Ndani kuna "brushes", "patterns", na faili la "menurc" ambalo ndilo linabeba njia za mkato za kibodi ulizojipangia. Fonti ulizozisakinisha kwenye Windows hazimo humo, na hazitaguswa.

Kitakachokusumbua ni plagini, yaani vijiprogramu vya kuiongezea GIMP uwezo. Zile za zamani zilizoandikwa kwa Python 2 (lugha ya kuandikia programu) hazifanyi kazi 3.0, hata ukizinakili vizuri namna gani. Kama kuna moja unayoitegemea kila siku, angalia kwanza kama mwenye nayo ametoa toleo jipya.

Halafu faili za XCF, yaani faili za kazi za GIMP yenyewe: ukihifadhi kadi ndani ya 3.0, 2.10 inaweza kukataa kuifungua. Kwa hiyo ihifadhi kwa jina jingine, na 2.10 usiiondoe hadi oda za msimu huu ziishe.