Jibu: Miguu kufa ganzi ukiegemeza ukutani

Ndugu, umeuliza kwa nini miguu inakufa ganzi ukilala chali na kuiegemeza juu ukutani kwenye yoga ya kupumzika. Mara nyingi makalio yamebanwa mno na ukuta na magoti yamekazwa. Sogea nyuma kama sentimita 15, ulegeze magoti. Blanketi likunje mpaka lifikie unene wa sentimita 8 hivi, likae chini ya makalio. Likipanda kiunoni, mgongo unapinda na ndipo maumivu yanapoanza. Kichwani taulo jembamba latosha (mto mnene unabana shingo). Anza na dakika 5. Ganzi ikirudi, usivumilie: kunja magoti, kanyaga ukuta. Ukimaliza, geukia ubavu, vuta pumzi kadhaa, kisha jiinue kwa mikono. Mwenye presha ya macho asilifanye zoezi hili.