Maswali na majibu: Stoo ya jikoni kabla ya masika

Stoo yangu imejaa mikebe ambayo hata sikumbuki nilinunua lini. Nianze wapi? (Umoja)

Anza mwishoni mwa Februari, jua likiwa bado kali. Toa vyote mpaka rafu zibaki tupu, maana ukitoa nusu, wadudu huhamia upande wa pili. Pitisha ncha ya kisu kwenye nyufa: vumbi la unga lililoganda humo ndimo wanamotagia. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha acha milango wazi kutwa. Ukirudisha, cha zamani kikae mbele. Rudia Septemba, kabla ya vuli.

Tumeletewa gunia la mahindi kutoka Kitale. Nitajuaje yamekauka? (Kasarani)

Tafadhali usilimimine popote kabla ya kupima. Mahindi ya kuweka yawe na unyevu wa asilimia 13.5 kushuka chini. Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi robo yake na vijiko viwili vya chumvi kavu. Funga, tikisa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye glasi, unyevu umepita asilimia 15: yaanike juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Isiponata, bado yape jua siku moja au mbili, kwa sababu chupa haiwezi kutofautisha 14 na 13.

Yakishakauka, tumia mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa. Kamua hewa, funga kila tabaka peke yake. Fukusi watakosa hewa na kufa. Kila ukifungua unawapa pumzi, kwa hiyo toa debe zima la mwezi kwa mara moja.

Yaliyoota ukungu yatupwe. Sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kwa kupika, na ng'ombe akiyala, sumu hupita kwenye maziwa. Mwaka 2004 sumu hii iliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Kwa nini unga tunaosaga mtaani huwa mchungu upesi kuliko wa pakiti? (Kayole)

Umesagwa na kiini chake, na kiini kina mafuta yanayochacha. Saga wa wiki mbili tu. Tena hutoka kinuni ukiwa moto. Ukiufunika hivyo, jasho hurudi ndani na asubuhi unakuta mabonge chini ya kifuniko. Utandaze upoe kwanza.

Viazi na vitunguu kapu moja? (Rongai)

Hapana. Vitunguu ning'iniza kwenye wavu penye hewa. Viazi viweke gizani, maana mwanga huvigeuza kijani na kuvitia sumu.

Maharagwe yangu hayaivi hata nichemshe saa tatu. (Donholm)

Yamezeeka kwenye joto. Kabati lililo juu ya jiko ndilo baya zaidi: mvuke na moto kila siku huyafanya magumu kiasi kwamba hata kuloweka usiku kucha hakusaidii sana. Yahamishie rafu ya chini, ukutani mbali na jiko, na wakati wa mvua nunua gorogoro moja moja.