Je, plastiki inamaliza mbegu za kiume?

Swali: Assalamu alaykum dokta. Nina miaka 34, nauza urojo Wete, Pemba. Huu mwaka wa tatu wa ndoa, hatujajaaliwa mtoto. Maji nakunywa ya chupa, na urojo nawatilia wateja kwenye vikopo vya plastiki. Nami nala humo humo. Vijana wa barazani wananambia plastiki inaua nguvu za kiume. Kweli?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nguvu ni jambo moja, mbegu ni jengine. Mtu anaweza kuwa na nguvu zake kamili, na manii yake yakawa na mbegu chache au zisizokwenda.

Chupa nyembamba ya maji ni plastiki ya PET, ambayo haitengenezwi kwa bisifenoli A, kemikali ya kutengenezea baadhi ya plastiki. Sikukatazi, ila usiianike juani. Bisifenoli imo kwenye plastiki ngumu, kama baadhi ya madumu ya lita 20, na kwenye utandu wa ndani wa makopo ya vyakula. Ikiingia mwilini hujifanya estrojeni, homoni ya kike. Kuna na fithaleti, za kulainishia plastiki ya PVC (na zimo kwenye manukato mengi). Kwa panya wa maabara hizi hupunguza testosteroni, homoni ya kiume, na bila ya testosteroni mbegu hazipevuki. Kwa binadamu ushahidi upo, lakini bado hautoshi kuthibitisha hayo.

Mimi naogopa zaidi hicho kikopo chako. Urojo unachotwa unafuka moshi, ndani mna bajia na kachori zilizotoka kwenye mafuta, na moto na mafuta ndivyo vinavyozitoa kemikali kwenye plastiki. Wewe kula kwenye bakuli la udongo au la chuma. Kemikali hizi nyingi hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili, lakini mbegu huchukua kiasi cha siku 74 kutengenezwa, kwa hiyo usitarajie mabadiliko kabla ya miezi mitatu.

Hata hivyo, plastiki isikuzuie kupima. Kaa siku 2 hadi 7 bila ya kutoa manii, kisha yafikishe maabara ndani ya saa moja. Daktari akupapase na korodani pia: mishipa iliyovimba huko huonekana kwa kiasi cha wanaume 40 katika kila 100 wanaokuja na tatizo hili, na inatibika. Sigara, kama unavuta, acha leo. Na mkeo apimwe wakati huo huo, asingojee majibu yako.