Roho ikitoka, hukaa wapi? Majibu kwa wasomaji wa Lamu na Malindi

SWALI: Asalaam aleikum. Mgeni mmoja anayefunza yoga huku Shela ametwambia kwamba barzakh yetu na bardo ya Watibeti ni kitu kimoja, hata majina yamefanana. Ni kweli? (Dada msomaji, Langoni, Lamu)

Waaleikum salaam, dada. Majina yamefanana kwa sadfa tu. Barzakh ni Kiarabu, maana yake kizuizi kinachotenga viwili. Katika Qurani limetajwa mara 3, na mara 2 lahusu bahari mbili zinazokutana zisivukiane mpaka. Mara iliyobaki, Surat Al-Muuminun aya ya 100, ndiyo ya wafu: aliyefikwa na mauti aomba arudishwe akatende mema, na jibu ni kwamba mbele yake kuna barzakh mpaka siku ya kufufuliwa. Bardo ni Kitibeti, maana yake kilicho katikati ya viwili. Watibeti huhesabu bardo 6, na hata ndoto ni mojawapo. Zinazohusu kifo ni 3.

Basi tofauti ndiyo hiyo. Barzakh ni ukuta: ukishaupita hurudi, wangoja kiyama. Bardo ni ujia wenye mlango wa kurudi duniani katika mwili mwingine. Anayechanganya haya mawili huwa ameingiza tanasukhi, yaani roho kuhama mwili hadi mwili, ndani ya imani inayoikataa.

Hata muda haufanani. Bardo ina kikomo cha siku 49, juma 7. Kila siku ya 7 ikifika na marehemu hajapata pa kuzaliwa, husemwa anakufa tena kifo kidogo, kisha anaanza juma jipya. Kwa hiyo ibada kubwa hupangwa siku hizo. Lama, mwalimu wa dini yao ya Kibuddha, humsomea karibu na sikio: ule mwanga mkali unaokutisha usiukimbie, ni akili yako mwenyewe; ule hafifu unaokuvutia ndio unaokurudisha. Jamaa hukatazwa kulia kwa sauti pale, na maiti hashikwishikwi ovyo, kwa kuwa panapoguswa kwanza ndipo wanapoamini fahamu itatokea, na utosini ndipo bora. Huku kwetu ni kinyume: aliyekufa alfajiri huenda adhuhuri yuko mwanandani. Wala Mbuddha hatakubali neno "roho" ukimsukumia; kwake hakuna roho ya kudumu, ni mkondo wa fahamu. Na mafundisho rasmi ya Mabuddha wa Sri Lanka hayana bardo kabisa: pumzi ya mwisho hapa, mimba pale, bila nafasi kati.

Kama mgeni wenu angetafuta mfanano wa kweli, angeupata kwenye talkini. Udongo ukishafukiwa, msomaji huketi upande wa kichwa, akamwita marehemu kwa jina lake na la mamake, akamkumbusha: watakujia malaika wawili, watakuuliza Mola wako nani, dini yako nini, Mtume wako nani. Lama naye huongea na maiti. Lakini mmoja aelekeza njia, mwingine akumbusha majibu. (Talkini yenyewe ina ubishi: wanazuoni wengi wa Kishafii waipendekeza, wengine waiona uzushi. Kaburini si mahali pa kuuamua ubishi huo.)

SWALI: Baba amefariki juzi. Shangazi asema roho yake imo nyumbani mpaka arubaini, kwa hiyo taa isizimwe na hitma iwe kubwa. Mimi nina wasiwasi na gharama. (Msomaji, Maweni, Malindi)

Pole sana, ndugu yetu. Arubaini ni ada. Hadithi mashuhuri ya Al-Baraa bin Azib yaeleza safari ya roho tangu inapotoka, ya mwema ikichuruzika kama tone la maji mdomoni mwa kiriba, ya muovu ikinyofolewa kama sufi mbichi kwenye chuma cha miiba, ikapandishwa, kisha ikarejeshwa kwa ajili ya maswali. Hakuna mahali inapokaa sebuleni siku 40 ikiangalia taa. Hesabu ya siku iliyo katika Qurani ni ya mjane: eda ya miezi 4 na siku 10, kama hana mimba. Hiyo yamhusu mama yako, haimhusu marehemu.

Kuna hadithi nyingine ambayo shangazi angefaa kuisikia: nafsi ya muumini imetundikwa kwa deni lake mpaka lilipwe. Kwa hiyo mali ya baba ifuate mpango huu: kwanza gharama za maziko (sanda ya mwanamume ni vitambaa 3), pili madeni, tatu wasia usiozidi thuluthi, ndipo mirathi. Kosa tunaloliona kila mara ni kupika sufuria za pilau siku ya tatu na ya arubaini kutoka mali isiyogawanywa, na ndani yake mna fungu la mayatima ambao hawawezi kutoa idhini. Kabla ya hitma, zungukeni dukani, sokoni na kwa wavuvi wenzake mkiuliza nani anamdai, muandike majina na kiasi. Deni la dukani husahaulika upesi kuliko la benki. Pakibaki pesa, au watu wazima mkichanga zenu, hitma ya chai na kaimati inatosha. Taa zimeni, umeme ghali.

SWALI: Sisi Wagiriama wa Ganda tunahamia mjini. Babu alikuwa Gohu, yaani wa kile chama cha wazee, na ana kigango, mti wa kumkumbuka. Ndugu mmoja ataka tukihamishe, mwingine ataka kukiuza. Koma ya babu, yaani roho yake, itafanyaje? (Kijana, Malindi)

Mwanetu, kigango hakihamishwi. Kwa desturi ya Kigiriama, mti ule uliochongwa pembetatu na kupewa kichwa si alama ya kaburi. Kaburi liko pengine. Huchongwa kwa ajili ya mwanachama wa Gohu pekee, mara nyingi baada ya koma kuwatokea watu ndotoni au nyumba kuandamwa na maradhi, na husimamishwa ili koma ipate mahali pa kutulia karibu na wake. Asiye Gohu huwekewa kijiti kifupi kisicho na nakshi. Boma likihama, kigango huachwa palepale kiliwe na jua na mchwa, na wazee ndio wa kuulizwa jinsi ya kuiarifu koma, kwa kawaida kwa mnazi unaomwagwa chini.

Ama kuuza, hapana. Tangu miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa usiku na kuishia kwenye nyumba za wakusanyaji huko Marekani; makumbusho ya Denver yalirudisha 30 mwaka 2019. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inalinda vitu vya namna hiyo. Kabla hamjahama, kipigeni picha pande zote, pimeni urefu, mkaache nakala ofisi ya makumbusho Malindi. Kigango kisicho na picha, kikishavuka bahari, ni vigumu mno kuthibitisha ni cha nani.

SWALI: Mwanangu wa miaka 3 asema yeye ndiye babu yake, na tumempa jina la babu. Amerudi? (Mama, Shella, Malindi)

Mama, jina ndilo la kushukiwa kwanza. Mtoto aitwaye kwa jina la babu husikia habari za babu tangu hajaota meno. Daktari Ian Stevenson wa Chuo Kikuu cha Virginia, pamoja na waliomfuata, walikusanya visa zaidi ya 2,500 vya namna hii: wengi huanza kusema kati ya miaka 2 na 5, na huacha kufikia miaka 7 au 8. Ila Wadruze wa Lebanoni, wanaoamini mtu huzaliwa papo hapo afapo na habadili jinsia, watoto wao husimulia vilevile kama wanavyoamini. Pakiwa na pengo kati ya kifo na kuzaliwa, husema palikuwa na maisha mafupi ya kati. Imani ya mtaa huonekana ndani ya kumbukumbu. Kama wataka kupima, andika maneno yake kama alivyoyatamka, na tarehe, kabla hujamuuliza lolote. Usimwambie "wewe ni babu, sivyo?" Ukishauliza hivyo, jibu ni lako.

SWALI: Jirani yetu Mhindu aliweka matonge ya wali uani siku ya kumi, akawa angoja kunguru. Kwa nini? (Msomaji, Malindi mjini)

Matonge hayo huitwa pinda. Katika maelezo yao mashuhuri, marehemu baada ya kuchomwa hana mwili, na kila siku tonge moja humjengea kiungo: kichwa siku ya kwanza, shingo na mabega ya pili, hadi miguu ya tisa; ya kumi humpa njaa na kiu. Hapo aweza kula, na kunguru ndiye ampokeleaye. Ndege asipodonoa, jamaa husema marehemu ameacha haja, hutaja ahadi kwa sauti ("mtoto wako tutamsomesha"), wakangoja tena. Siku ya 12 huunganishwa na wahenga wake. Kwa kunguru hawa wa Malindi, ambao jamaa zao waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, jirani yako hakungoja sana.