Maswali na Majibu: Tazama Mukaba Kwanza, Saa Baadaye

Mwezi uliopita tuliomba wasomaji wa Bukavu batuandikie juu ya saa za mukono za bei ya chini na mikaba ya kubadilisha, bamenunua nini na imewatendea aje. Barua zimekuja mingi kuliko zile za mapenzi, hata mie mwenye kujibu sikutegemea. Zingine zilikuwa paka matusi kwa wauzaji, hizo tumeziweka pembeni.

"Yaya, mimi niko motari, nabeba watu na pikipiki, napaki pale mutaa wa Essence. Nilinunua ile Casio ndogo nyeusi ya plastike, F-91W, kwa mutu anatembeza bintu pale Nyawera. Saa inatembea muzuri sana lakini mukaba umepasuka karibu na saa yenyewe, kisha miaka mbili hivi, umekauka tu ukakatika. Rafiki ananicheka eti ni ya bandia njo maana. Nitajuaje kama ni ya kweli, na mukaba wa kuingia mule nitaupata?" (Motari wa Essence)

Kaka, mwambie rafiki yako apunguze. Mukaba kupasuka hakuonyeshe kama saa ni ya bandia, hata ya Casio yenyewe inafanya vile. Ile plastike ni rezini, na jasho pamoja na unyevu vinaikula polepole, inapoteza ulaini wake, kisha asubuhi moja unaivuta kidogo kwa kufunga na inaachia. Wewe unashinda juu ya moto, ile pikipiki yako, mvua ya hapa kwetu inakupiga tangu mwezi wa tisa paka wa tano, jua linakausha, jasho linarudi, sasa miaka mbili mie naona mukaba umejitahidi.

Ku swali la bandia: upande wa kuume wa saa kuna kabutoni kamoja tu. Kafinye, ushikilie sekunde 3 hivi, kioo kitaandika CASIo. Bandia mingi hazijui kufanya hivyo. Lakini kuna zingine siku hizi zimejifunza ule mchezo, kwa hiyo geuza saa pia, utazame kifuniko cha chuma nyuma, namba 593 inapaswa kuwa imeandikwa pale ndani ya kasanduku, na maandishi yote yawe yamenyooka, hayafutike ukipitisha kucha. Hii saa ilitoka mwaka 1989 na paka leo inauzishwa, batri yake ni CR2016 na Casio wanasema inaweza kufika miaka 7. Wanasema tena inaweza kukosea sekunde 30 kwa mwezi, mbele ao nyuma, basi kama yako inapita pale dakika kumi kwa mwezi, ndiyo hapo rafiki yako ataanza kuwa na haki.

Sasa mukaba. Fasi ya kuingizia iko na milimeta 18, ni kipimo cha kawaida. Usitafute ule wa plastike mwenye kufanana na wa kwanza, utarudia njia ile ile. Tafuta wa nailoni, ule mrefu wa kipande kimoja wenye kupita chini ya saa, bale wenye kuujua wanauita NATO, asili yake ni kwa waaskari wa Uingereza tangu mwaka 1973. Uchague mwembamba ju fasi ya kupita ni ndogo. Uzuri wake kwa mutu wa moto ni huu: saa inashikwa na vyuma viwili vidogo vya springi, kimoja huku kimoja kule. Ku mukaba wa kawaida kimoja kikiruka saa inaanguka ndani ya barabara na gari ya nyuma inaimaliza. Ku huu wa nailoni saa inabakia inaning'inia ku kile kingine. Na ukinuka, unaufua na sabuni.

"Mtoto wangu alipata diploma ya Leta, nikamununulia saa ya kungaa, dola 15, usoni wameandika Japan Movt na nyuma wameandika Water Resistant 30 m. Jumapili akaenda kuogelea ku ziwa, akarudi na saa imejaa mvuke, mishale imesimama. Muuzaji ananiambia mtoto alizama zaidi ya mita 30. Ni kweli?" (Mama wa Panzi)

Mama, pole kwa saa na hongera kwa diploma. Mtoto wako hakuzama mita 30, na muuzaji anajua. Ile 30 haiko kina cha maji. Ni nguvu ya msukumo ambayo saa ilivumilia pale walipoipima, ikiwa imetulia, ikiwa mupya, bila mutu kupiga maji na mukono. Mukono wenye kuogelea ni jambo lingine kabisa. Saa ya 30 m ni ya kunawa mikono na mvua kidogo, basi. Ya 50 m unaweza kuogelea nayo kidogo bila kuruka. Kuogelea kwa kweli mu ziwa Kivu kunaomba 100 m, na kwa wale wenye kuzamia na chupa ya hewa kuna saa za 200 m zenye neno DIVER'S, hizo ziko na sheria yao ya pekee ya kupimwa. Kama ni saa ya bei ya chini mie napunguza tena ngazi moja, ya 50 naihesabu kama ya 30, na ile ya 30 naihesabu kama haina kitu. Na musioge na saa ndani ya maji ya moto, mvuke unapita fasi maji ya baridi haiwezi.

Japan Movt nayo, inasema tu kama mashini ya ndani ndiyo ya Japani. Mwili, kioo, mukaba, vinaweza kutoka popote. Na kama kweli ni ya Japani hiyo si habari mbaya, ju mashini za Miyota, za kundi la Citizen, ile 2035 kwa mfano, ziko ndani ya saa mingi sana za bei ndogo na zinakosea sekunde 20 tu kwa mwezi. Shida ni kwamba kila mutu anaweza kuandika yale maneno usoni hata ndani hamuna kitu cha Japani. Ukitaka kujua, fundi afungue mbele yako, jina na namba ya mashini viko mule.

Ya mtoto ipeleke leo, si kesho. Fundi atoe batri mbio, afungue, akaushe, atie kampira kapya ka kuziba. Kuifunika ndani ya muchele ni kupoteza muchele, ju kifuniko kimefungwa na maji iko ndani.

"Batri ya saa yangu ilikufa, fundi akabadilisha kwa franga kidogo, kisha wiki tatu ikakufa tena. Akabadilisha tena, ile ile. Ni saa ao ni fundi?" (Mwanafunzi, Ibanda)

Dada, inaweza kuwa ni batri yenyewe. Saa mingi ndogo za mishale zinaomba SR626SW, ile wengine wanaita 377. Kuna ingine yenye ukubwa ule ule, LR626, inaitwa pia AG4, inauzishwa kumi kumi ku kakaratasi kwa bei ya bure, na fundi mwenye haraka anatia hiyo. Inaingia muzuri, saa inaanza, wote munafurahi. Lakini SR ni ya feza ile madini, inashika volti 1,55 karibu paka mwisho wake, LR inashuka shuka kila siku, na ikizeeka inavuja maji yenye kula mashini. Njo fasi hasara inatokea. Kabla hajafunga omba uone ile batri, soma herufi ya kwanza: unataka S. Na kama umetia SR ya kweli na inakufa tena haraka, basi mashini imechafuka inakula nguvu sana, na kwa saa ya bei hiyo kubadilisha mashini nzima inaweza kuwa rahisi kuliko kuisafisha.

Kitu kingine, siku moja ukiona mushale wa sekunde unaruka mara moja kila sekunde 4 hivi usishituke, kuna saa zinafanya makusudi, zinakuambia batri inaelekea mwisho.

"Nimenunua mikaba mitatu na hakuna mmoja umeingia. Wa kwanza ulikuwa mpana, wa pili unacheza cheza, wa tatu uliingia lakini ni mufupi, haufike ku tundu. Tena ule wa chuma wenye rangi ya dahabu uliotoka na saa ulianza kubanduka na mukono unaniwasha, madoa mekundu. Nimechoka." (Mwalimu wa Bagira)

Mwalimu, wewe uko na rula mu mufuko kila siku na unanunua mukaba na macho! Toa mukaba wa zamani, pima katikati ya zile pembe mbili za saa, kutoka ndani ya moja paka ndani ya ingine, fasi mukaba unakaa. Usipime upana wa saa yote, wala usipime mukaba wa zamani ju unaweza kuwa ulikuwa si wake. Utapata 18, ao 20, ao 22, hizo ndizo zinapatikana fasi zote. Ukipata 19, na hiyo iko sana ku Seiko za zamani, chukua 20 ya ngozi laini ao nailoni uifinye iingie, ao 18 na uvumilie kanafasi kadogo. Wa chuma haukubali kufinywa. Kisha urefu: zungusha kamba ku mukono, uipime, uende nayo ku muuzaji. Bababa wenye mikono minene banasahau hiyo, na mama wenye mikono midogo banapewa mukaba wenye kuzunguka mara mbili.

Hapa niseme kile ninachoambia kila mutu kabla hajatoa franga: tazama pembe za saa kabla ya kutazama uso wake. Zikiwa zimenyooka, na chuma cha springi cha kawaida, na milimeta 18 ao 20 ao 22, hiyo saa utaitunza miaka na miaka hata iwe ya dola 10, ju siku mukaba utakatika utapata mwingine ku meza yoyote ya Kadutu. Lakini kuna saa za urembo ambazo mukaba umeungana na mwili, ao umekatwa kwa umbo la pekee, unafanana na meno ya ufunguo. Siku ule unapasuka saa inabakia mu kabati, nzima, inahesabu saa yake yenyewe. Wauzaji hawakuambie hiyo, ju kwao ni vizuri urudi ununue ingine.

Kuwashwa: hiyo mara mingi ni nikeli. Chini ya ile dahabu ya kupakwa kuna chuma chenye nikeli, jasho likikula rangi chuma kinagusa ngozi. Mama wengine banapaka verni ya kucha nyuma ya saa na inasaidia siku kidogo. Wewe weka nailoni ao ngozi, na kama kifuniko cha nyuma kinawasha pia, ule wa nailoni wenye kupita chini unakitenga na ngozi yako. Ukipenda chuma tafuta chenye kuandikwa 316L, ni aina ya chuma kisichoshika kutu, ndani muko nikeli pia lakini imeshikwa, haitoke ovyo, wengi hawawashwe nayo. Silikoni nayo haiwashe wengi, ila mie siipendi, inashika vumbi na nywele, na ya bei ndogo inateleza kwa jasho. Na ngozi ya kweli, Mwalimu, isipigwe mvua. Uivue, uitie mufukoni. Na madoa yakikataa kuisha, muganga atazame.

"Yaya, niko nesi, hospitali wanakataza saa ya mukono ju ya usafi. Nifanye aje?" (Nesi wa Kadutu)

Wana haki, chini ya mukaba maji na sabuni haifike. Nunua ile ya kubandika ku blusa na pini, inaning'inia kichwa chini ili wewe ukiinamisha macho uione sawa. Hakikisha iko na mushale wa sekunde, mrefu, wa katikati, si kale kaduara kadogo, ju unahesabia mapigo ya moyo. Mingi ziko na kifuniko cha silikoni, unakitoa unakiosha.

"Niko na Seiko 5 ya baba yangu. Mjukuu wangu amevaa plastike ya sokoni na inanishinda kwa dakika. Fundi anataka franga ya kuifungua. Nimpe?" (Papa wa Nguba)

Papa, usimpe bado. Yako haina batri, inaishi kwa kutembea kwa mukono wako, ndani muko springi na gurudumu, na hata ikikosea nusu dakika kwa siku bado ni mzima. Ya mjukuu iko na kajiwe kadogo ka kwarzi (quartz) ndani, kenye kutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, springi haiwezi kushindana. Ni Seiko wenyewe walileta saa ya mukono ya kwanza ya hivyo sokoni, mwezi wa 12 mwaka 1969, na ilikuwa yen 450,000, bei ya gari ndogo wakati ule. Leo mjukuu anaivaa kwa franga ya fanta kadhaa.

Lakini ikipoteza dakika tano kwa siku, ndiyo, mpe. Ikisimama usizungushe kabutoni kwa nguvu, hizi za zamani mingi hazijazwe hivyo: itikise upande kwa upande kidogo kisha uivae. Na tafadhali Papa, tarehe usiibadilishe usiku, kuanzia saa tatu usiku paka saa kumi ya alfajiri, ju wakati ule meno ya tarehe yameshikana na unaweza kuyavunja.

"Ndugu yangu amekuja kutoka Kinshasa na saa mupya, iko nyuma yetu saa moja kamili. Alidanganywa?" (Msomaji wa Muhumba)

Hapana. Kinshasa iko nyuma ya Bukavu saa moja, tangu zamani. Avute kabutoni, asogeze mbele.