Kabla ya kuuliza goti bandia limetoka nchi gani, uliza kuhusu kano

Wagonjwa wanaojiandaa kubadilishiwa goti huniuliza maswali yanayofanana: hili goti bandia ni la Ujerumani au la India? Litadumu miaka mingapi? Wana haki ya kuuliza, maana gharama ni kubwa na wengi wamechangiwa na ukoo mzima. Lakini kwa niliyoyaona nikiwafanyisha mazoezi watu wa Arusha na Meru, nawashauri waanze na swali jingine: daktari, kano zangu utazisawazisha vipi?

Kano ni zile kamba imara zinazoshikanisha mfupa na mfupa. Goti lina kano upande wa ndani, nyingine upande wa nje, na mbili katikati zinazopishana. Katika upasuaji wa kawaida wa kubadilisha goti, ile kano ya mbele katikati huondolewa. Ya nyuma yake hubakizwa au huondolewa kutegemea aina ya goti bandia. Kinachozuia goti jipya lisiyumbe kushoto na kulia ni kano za pembeni, zile zile ulizozaliwa nazo.

Kwa watu wa huku jambo hili ni zito zaidi. Maji ya maeneo kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki yana floridi nyingi, mara nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa, na wapo wazee wetu waliopata matege tangu utotoni kwa sababu hiyo. Mguu wa matege ukibeba mwili miaka nenda rudi, gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, huisha kwanza upande wa ndani, miiba ya mfupa huota pembezoni, kano ya ndani hukakamaa na ya nje huvutika. Ni kama turubai la msibani: kamba za upande mmoja zikikazwa kuliko za upande wa pili, nguzo italala tu, hata ikiwa mpya.

Daktari akishakata mifupa, hubaki nafasi kati ya mfupa wa paja na muundi. Nafasi hiyo huipima mguu ukiwa umenyooka, kisha goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Huweka kipimo au goti la majaribio, halafu huusukuma mguu huku na huku aone kila upande unafunguka kiasi gani. Kwenye matege huanza kwa kuondoa ile miiba ya mfupa, kwa sababu huisukuma kano nje na kuikaza. Wakati mwingine hilo peke yake linatosha. Lisipotosha, hulegeza nyama na kano za upande wa ndani kidogo kidogo, huku akipima kila hatua, maana kilicholegezwa kupita kiasi hakikazwi tena kirahisi. Mwishoni huchagua unene wa plastiki inayokaa katikati, na tofauti kati ya saizi moja na nyingine ni milimita chache tu.

Milimita hizo ndizo ninazokutana nazo kwenye chumba cha mazoezi. "Mwanangu, goti linanikimbia," aliniambia mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji mbali na huku. Nilimlaza, nikaushika mguu. Ukiwa umenyooka kabisa, goti lilikuwa imara. Nilipolikunja kama nyuzi 30 hivi na kusukuma kifundo kuelekea nje, upande wa ndani ulifunguka kuliko inavyostahili, na mama akanishika mkono kwa hofu. Ndiyo maana alikuwa anashuka ngazi kinyumenyume. Tuliimarisha misuli ya paja na akapata nafuu, lakini nilimweleza wazi kwamba mazoezi hayafupishi kano, nikamwandikia barua arudi kwa daktari wake.

Goti lililobana nalo ni mateso. Mara nyingi tatizo ni kovu la ndani, na hapo mazoezi ya mapema yanasaidia sana. Lakini kama limebana kwa sababu plastiki ni nene mno, kulikunja kwa nguvu hakutasaidia. Tafadhali, usimpeleke mzee kwa mchuaji.

Basi fanyeni hivi. Msisubiri mpaka mguu upinde kabisa, kwa sababu kadiri unavyopinda ndivyo kazi ya kusawazisha inavyokuwa ngumu. Ombeni picha ya eksirei ya mguu mzima, kuanzia nyonga hadi kifundo, mgonjwa akiwa amesimama. Hii naisisitiza kwa wenye matege ya utotoni: huenda uliopinda ni mfupa wenyewe, chini ya goti, na kulegeza kano pekee kusitoshe, huenda mfupa ukahitaji kunyooshwa. Imarisheni paja kabla ya upasuaji. Nyumbani andaeni choo cha kukaa, maana goti bandia kwa kawaida halitafika kwenye kuchuchumaa.

Baada ya upasuaji, msiweke mto chini ya goti hata kama mgonjwa anaomba kwa machozi. Goti litazoea kukaa limekunjwa. Mto uwekwe chini ya kisigino. Na goti likianza kuvimba na kupata joto jipya, kidonda kikitoa maji, au nyama ya nyuma ya muundi ikiuma na kuvimba, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki.