Mnenguaji atoke, mtazamaji abaki: majibu ya maswali yenu kuhusu India

Katika safu iliyopita niligusia jinsi jimbo la Maharashtra, India, lilivyowapiga marufuku wanawake kucheza kwenye baa za Mumbai kwa jina la maadili, huku hoteli za kifahari zikiendelea na muziki wake kama kawaida. Maswali yamemiminika, mengine ya hasira. Nimechukua haya.

"Sema kweli. Hizo baa si madanguro yaliyowekwa taa za rangi?" Msomaji, Temeke

Zilikuwa baa. Mwanamume anakaa mezani, anaagiza bia au wiski, na katikati ya ukumbi wasichana wanacheza nyimbo za filamu wakiwa ndani ya sari au lehenga, ile sketi ndefu iliyojaa shanga na vimeta. Aliyekunwa anatunza: anashika bulungutu la noti za rupia 10 na kuzimwaga moja moja juu ya kichwa cha mchezaji, upesi upesi, kama mtu anayegawa karata. Aliyewahi kukaa kwenye taarabu akaona watu wakipanga foleni kumtunza mwimbaji haitaji maelezo zaidi. Kumgusa mchezaji hakukuruhusiwa, na mabaunsa walikuwepo kwa kazi hiyo. Wimbo ukiisha noti zinaokotwa sakafuni, zinahesabiwa, mwenye baa anakata fungu lake.

Wapo waliotoka na wateja? Wapo. Wapo walioingizwa humo na mawakala wangali wadogo? Hao pia, na hilo ni kosa la jinai ambalo India imekuwa na sheria yake tangu 1956. Polisi wangeitumia hiyo. Lakini mwaka 2005 watafiti wa chuo kikuu cha wanawake cha SNDT pamoja na wanaharakati wa Mumbai waliwahoji wachezaji 500 katika baa 50, wakakuta wengi ndio wanaolisha nyumba zao. Sehemu kubwa walitoka katika jamii kama za Wabedia na Wanat, ambazo kucheza ndiyo kazi ya ukoo tangu enzi za watawala na mamwinyi wa vijijini. Mamwinyi walipoisha, mabinti wakafuata wateja mjini.

"Sheria ni msumeno. Kama ngoma ni chafu, ni chafu popote. Iweje hoteli kubwa ziachwe?" Msomaji, Nakuru

Umeniwahi, maana hapa ndipo penye utamu wote.

Mwaka 2005 waziri wa mambo ya ndani wa jimbo, R.R. Patil, alitangaza kwamba baa hizi zinaharibu vijana na kuvunja ndoa. Julai bunge la jimbo likapitisha marufuku bila mtu kupinga, na katikati ya Agosti, siku zile zile India inaposherehekea uhuru, taa zikazimwa. Sasa soma vifungu viwili vilivyoongezwa katika sheria ya polisi. Cha 33A kinakataza dansi ya aina yoyote katika migahawa na baa. Cha 33B, kinachofuata mara moja, kinasema katazo hilo haligusi kumbi za maigizo, klabu za wanachama na hoteli za nyota tatu kwenda juu, eti kwa kuwa hizo zinakuza utalii na utamaduni. Wimbo ni ule ule, kiuno ni kile kile. Kilichotofautiana ni bei ya bia.

Wenye baa na chama cha wachezaji walikwenda mahakamani. Aprili 2006 Mahakama Kuu ya Bombay, jina la zamani la Mumbai, iliifuta marufuku kwa sababu inabagua na inawanyima watu haki ya kufanya kazi halali. Serikali ikakata rufaa, na baa zikabaki zimefungwa miaka yote ya kusubiri. Tarehe 16 Julai 2013 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Altamas Kabir, iliikubali hukumu ile. Majaji walisema hawawezi kuamini kwamba heshima ni mali ya matajiri na uchafu ni wa wanyonge. Walisema pia kwamba marufuku imewasukuma baadhi ya wanawake kwenye ukahaba, yaani kule kule serikali ilikodai inawaepusha. Idadi iliyotajwa ya waliopoteza kazi ilizidi 75,000.

Ungedhani wanasiasa wangeona aibu. Juni 2014 walipitisha sheria nyingine, tena bila mjadala, na safari hii wakaziingiza hata hoteli kubwa. Mlitaka usawa? Haya, fungeni wote. Mahakama ikaisimamisha Oktoba 2015. Mwaka 2016 ikaja ya tatu, yenye masharti ya kuchekesha: kamera za ulinzi ndani ya ukumbi, pombe isiuzwe panapochezwa, na baa iwe umbali wa kilomita moja kutoka shule au nyumba ya ibada. Mtu anayeijua Mumbai anionyeshe sehemu iliyo kilomita moja kutoka hekalu, msikiti, kanisa na shule, kama si baharini. Januari 2019 mahakama iliyaondoa hayo. Ilibakiza saa za kazi, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 na nusu usiku, na katazo la kumwaga noti: bakshishi ruksa, kummiminia mchezaji pesa mwilini hapana.

"Unaichukia BJP, tumekuelewa." Msomaji, Doha

Sheria ya 2005 ililetwa na serikali ya Congress, chama hasimu wa BJP, na mshirika wake NCP. Ya 2016 ilikuwa ya BJP, chama cha siasa za Kihindu, na mshirika wake Shiv Sena. Hao hawapatani hata juu ya jina la barabara, lakini mnenguaji aliwapatanisha.

Chukua kisa cha Mangalore, mji wa jimbo la Karnataka. Januari 2009 kundi la wanaume wa Sri Ram Sene, kikundi cha Wahindu wenye msimamo mkali cha Pramod Muthalik, liliingia katika pabu moja mjini humo, likawapiga wasichana waliokaa na kinywaji na kuwakimbiza nje, kamera za televisheni zikirekodi. Karnataka ilikuwa chini ya BJP. Siku hizo hizo waziri kiongozi wa Rajasthan, Ashok Gehlot wa Congress, naye akalalamikia utamaduni wa pabu na vijana wa kike na wa kiume kutembea wakishikana mikono. Waziri wa afya wa serikali kuu, Anbumani Ramadoss, wa chama kingine kabisa, akasema pabu si utamaduni wa Kihindi. Yaani wasichana wametoka kupigwa, na mjadala ni walikuwa wanakunywa nini.

Waliojibu vizuri ni wanawake wenyewe. Mwandishi wa habari Nisha Susan na wenzake walianzisha kampeni ya kumtumia Muthalik chupi za rangi ya waridi kwa posta, zimfikie sikukuu ya wapendanao. Zilimfikia.

Halafu kuna Sapna Choudhary, mwimbaji na mchezaji wa jukwaani kutoka Haryana ambaye akipanda jukwaani uwanja unafurika. Machi 2019 zilivuma habari kwamba anaingia Congress. Mbunge mmoja wa BJP wa jimbo hilo, Ashwini Chopra, akakejeli: Congress waamue kama wanataka kukata viuno au kushinda uchaguzi. Julai mwaka huo huo Sapna alichukua kadi ya BJP mjini Delhi na kupokewa kwa tabasamu. Kiuno hakikubadilika.

"Ni kweli mawaziri walinaswa wakitazama picha za ngono bungeni, au ni uzushi wa mitandaoni?" Msomaji, Bujumbura

Kweli tupu. Tarehe 7 Februari 2012, bunge la Karnataka likiwa kwenye kikao, kamera ya televisheni ilimnasa waziri wa ushirika, Laxman Savadi, akitazama video ya ngono kwenye simu. Pembeni yake, akichungulia, ni C.C. Patil. Wizara yake? Maendeleo ya wanawake na watoto. Simu ilikuwa ya waziri wa tatu, Krishna Palemar.

Wakati huo jimbo zima lilikuwa likibishana juu ya tamasha la muziki la usiku lililofanyika kisiwani huko Udupi, na wanasiasa walikuwa wakililaani kwa uchafu wake. Savadi akajitetea kwamba alikuwa anajielimisha juu ya madhara ya sherehe za namna hiyo. Watatu hao walijiuzulu kesho yake. Ukidhani ndio ulikuwa mwisho wao, Agosti 2019 Savadi aliteuliwa kuwa naibu waziri kiongozi wa Karnataka, na Patil akarudi barazani pamoja naye. Mwaka 2023 Savadi alihamia Congress, wakampokea.

Mnenguaji wa Mumbai alisubiri mahakama miaka minane kurudishiwa kazi. Linganisha mwenyewe.

"Mbona filamu zao zimejaa mauno? Bodi ya filamu imelala?" Msomaji, Unguja

Haijalala, inachagua wa kumwamsha. Wimbo wa filamu wenye mwanamke anayekatika mbele ya wanaume 50 walevi hupita miaka nenda rudi. Mwanzoni mwa 2017 bodi ilikataa kuipa cheti filamu ya Lipstick Under My Burkha, ya mwongozaji Alankrita Shrivastava, inayohusu wanawake wanne wa Bhopal na tamaa zao. Sababu ya kwanza katika barua ya bodi ilikuwa kwamba hadithi yenyewe inawahusu wanawake na ndoto zao zinapita maisha. Sikutia chumvi. Mwanamke akitamaniwa, cheti kipo. Akitamani yeye, kuna tatizo. Baraza la rufaa liliiruhusu Aprili mwaka huo kwa watu wazima. Baraza lenyewe lilivunjwa 2021, kwa hiyo siku hizi mtengenezaji anayekataliwa anaelekea Mahakama Kuu, na gharama zake.

Mwenyekiti wa bodi wakati huo alikuwa Pahlaj Nihalani, ambaye chini yake hata busu za James Bond zilipunguzwa nusu kwenye Spectre. Aliondolewa Agosti 2017. Kabla mwaka haujaisha akaibuka akiisambaza Julie 2, filamu ya cheti cha watu wazima. Riziki popote.

Desemba 2022 ikaja zamu ya wimbo wa Besharam Rang wa filamu ya Pathaan. Deepika Padukone amevaa bikini ya rangi ya zafarani, rangi ya mahekalu ya Kihindu. Waziri wa mambo ya ndani wa Madhya Pradesh, Narottam Mishra wa BJP, akatishia filamu isionyeshwe jimboni kwake isiporekebishwa. Chama hicho hicho kilikuwa na wabunge watatu, Manoj Tiwari, Ravi Kishan na Dinesh Lal Yadav, waliopata umaarufu katika sinema za Kibhojpuri, lugha ya kaskazini mwa India, ambazo nyimbo zake zina mafumbo ya chumbani ambayo usingependa kuyasikiliza na mama mkwe. Filamu ilitoka Januari 2023 ikavuna pesa kuliko karibu zote za mwaka huo. Mishra alipoteza kiti chake Desemba.

"Lakini Wahindi wana ngoma zao za heshima, kama ile ya mahekaluni. Kwa nini wanawake hao wasicheze hizo?" Msomaji, Muscat

Unaisema Bharatanatyam. Iliyochezwa mahekaluni kusini mwa India ilikuwa ya madevadasi, wanawake waliotolewa wakfu kwa miungu, ambao baadaye walitukanwa kuwa makahaba. Mwaka 1936 Rukmini Devi Arundale, mwanamke wa tabaka la juu la Brahmin, alianzisha chuo cha Kalakshetra huko Madras, sasa Chennai, na ngoma ikasafishwa mpaka mabinti wa familia bora wakaruhusiwa kuicheza. Mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku kuwatoa wasichana wakfu. Sheria ilikuwa na sababu zake, watoto walidhalilika kweli, na aliyeipigania, Daktari Muthulakshmi Reddy, mama yake mwenyewe alitoka katika jamii ya madevadasi. Ila hesabu ya mwisho ni kwamba ngoma ilipata heshima, na waliokuwa nayo walibaki nje ya ukumbi, isipokuwa wachache kama Balasaraswati, aliyetoka ukoo huo na kukataa katakata kuambiwa sanaa ya mabibi zake ilikuwa chafu.

"Wanawake wa Mumbai waliishia wapi?" Msomaji, Lubumbashi

Wengine walirudi vijijini, wengine Dubai na miji mingine ya Ghuba. Wengine walibaki kwenye zile ziitwazo baa za okestra, ambako mwanamke anaruhusiwa kusimama jukwaani na kuimba lakini asicheze. Serikali ilipanga hadi idadi: wanawake wanne, wanaume wanne. Februari 2022 Mahakama ya Juu ilifuta mgawanyo huo wa kijinsia.

Miezi miwili kabla, polisi waliingia katika baa moja ya Andheri, kitongoji cha Mumbai, walikosikia kuna wachezaji. Walikagua jikoni, vyooni, stoo, hawakuona mtu. Kwenye chumba cha kujipodolea kulikuwa na kioo kikubwa ambacho hakikung'oka ukutani. Walipokivunja kwa nyundo walikuta mlango, na nyuma yake pango lenye kiyoyozi. Walitoka wanawake 17. Hayo ndiyo makazi ambayo sheria ya kulinda heshima ya mwanamke ilimjengea.

Na kwetu usijidai hatuhusiki. Klabu za mujra, dansi ya Kihindi ya kuwaburudisha wanaume, za Nairobi na Mombasa zimekuwa zikileta wasichana kutoka India, Pakistan na Nepal kuwachezea wateja. Mwaka 2019 wasichana wa Kinepali waliokolewa katika klabu moja ya Mombasa na mwenyewe akashtakiwa. Huko lilikuwa suala la biashara ya watu, na sheria ilimfuata mwenye klabu. Ndivyo inavyotakiwa.

"Na yule Muthalik, alifungwa?" Msomaji, Tanga

Hapana. Machi 2014 BJP ilimpa kadi mjini Hubli asubuhi, kelele zikawa nyingi, wakamnyang'anya siku hiyo hiyo. Machi 2018 mahakama ya Mangalore ilimwachia yeye na wenzake zaidi ya 20. Ushahidi, ilisema, hautoshi.